Binti yangu kawa vegani, hali hata asali: ni dini hii au nini?

Dada yangu wa Tanga, ujumbe wako nimeusoma wote, naufupisha kidogo ili na wengine wafuate. Binti yako yuko chuo mwaka wa pili, karudi likizo kakwambia siku hizi yeye ni vegani, nyama hali, samaki hali, mayai, maziwa, samli, hata asali ya Tabora uliyomwekea kaikataa, na makubadhi ya ngozi aliyoletewa na bibi yake toka Lamu kashukuru kwa adabu zote ila kasema hatayavaa. Ukimuuliza kisa nini mara anakwambia wanyama, mara mazingira, mara afya. Sasa unauliza hii ni dini mpya au mambo ya mitandao tu, je hatapungukiwa damu, umpikie nini, na Idd ya kuchinja hiyo inakuja itakuwaje.

Jibu la haraka: sio dini, hatakufa, na vingi anavyokula yeye wewe unavipika kila wiki bila kuviita jina. Kipo kitu kimoja ambacho hakimo kwenye mboga wala nafaka wala tunda lolote na hicho nitakieleza kwa kirefu huko chini, usiishie njiani. Ila kabla ya chakula inabidi ujue sababu yake ya kweli, maana hawa watu sahani zao zinafanana lakini kilichowaleta hapo hakifanani kabisa, na sababu ndo inaamua atakubali nini, atakataa nini, na atadumu nayo mpaka lini.

Kwanza tutenganishe. Vejitariani ni mtu asiyekula nyama wala samaki, ila wengi wao maziwa wanakunywa na mayai au asali wengine wanakula. Vegani anaacha kila kilichotoka kwa mnyama, kiwe cha kuchinja au cha kukamua. Huku pwani tunachanganya kwa sababu tuna majirani Wahindi ambao toka wazaliwe nyama hawajaigusa, Wajaini wengine hata kitunguu na viazi hawali kwa kuwa vinang'olewa ardhini, lakini chai yao ya maziwa ipo, mtindi upo, na samli ndo usiseme. Kwa hiyo ukimpeleka binti kwenye mgahawa wa Kihindi wa mboga tupu usidhani umemaliza, uliza dali imekaangwa na nini na hivyo vipande vyeupe kwenye mchuzi wa spinachi ni nini (ni jibini hiyo, paniri).

Chama chenyewe cha vegani kilianza Uingereza Novemba 1944, vita vya dunia bado havijaisha na chakula kinagawiwa kwa kadi. Donald Watson, mwalimu wa useremala, na wenzake wachache walikuwa vejitariani tayari wakaomba chama chao kiwape nafasi wale wasiotumia na maziwa, wakakataliwa, wakatoka wakaanzisha chao. Mwenyewe alisimulia kuwa utotoni aliona nguruwe anachinjwa kwenye shamba la mjomba wake na hakusahau. Akaishi mpaka 2005 akiwa na miaka 95, sio ushahidi wa kitu mtu mmoja lakini kwa wale wanaosema hawa watu hawafiki mbali basi huyo alifika. Na msimamo wa chama chao ni kwamba unaepuka kuwatumikisha na kuwatesa wanyama kadiri inavyowezekana, iwe kwa chakula, mavazi au shughuli nyingine yoyote. Hapo kwenye mavazi ndo makubadhi ya bibi yalipokwama.

Lakini dada yangu usidhani ni uzungu tu. Abul Ala al-Ma'arri, mshairi wa Syria aliyezaliwa mwaka 973, kipofu toka ana miaka minne kwa ajili ya ndui, kwa miaka mingi ya utu uzima wake aliacha nyama, samaki, maziwa, mayai na asali, akasema kabisa kwamba nyuki hawakuikusanya ile kwa ajili ya kuwagawia watu wengine. Kuna mkuu wa wahubiri wa Wafatimi, watawala wa Kishia wa Misri enzi hizo, kule Cairo akamwandikia barua amweleze sababu, na ninachokipenda kwenye majibizano yao ni kwamba al-Ma'arri alitaja huruma kwa wanyama halafu akataja na mfuko wake, kwamba kipato cha mwaka ni kidogo na mtumishi naye ana fungu lake humo humo. Mkuu huyo alipotaka kumsaidia apate chakula kizuri zaidi akakataa. Kwa hiyo binti yako kukupa sababu tatu kwa siku moja sio uongo, sababu za watu huwa zinakuja zimefungamana hivyo hivyo.

Sasa hizo sababu zenyewe.

Wa dini wapo, ingawa binti yako simuoni huko. Baadhi ya Wasabato wameacha kabisa vitu vya wanyama (wengi lakini wanakula nyama zile zinazoruhusiwa, usiwaweke wote kapu moja), Marasta wenye kushika aital (utaratibu wao wa chakula) wengi wao hawagusi nyama, na Wahabeshi wa kanisa la Orthodoksi Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima hawali nyama, maziwa wala mayai, na kabla ya Pasaka wanaenda siku 55 hivyo hivyo. Ndo maana nawaambia vegani wote wa Dar na Nairobi, ukikwama mjini tafuta mgahawa wa Kihabeshi sema unataka chakula cha mfungo, utaletewa sinia la injera (mkate wao kama chapati) na dengu na shiro (rojo ya unga wa kunde) na mboga za majani, hakuna wa kukuuliza maswali. Siku ambazo sio za mfungo uliza siagi, shiro nyingine wanaitia.

Halafu kuna wa afya. Presha, sukari, mafuta kwenye damu, kitambi, au ameona video inatisha. Hapa naongea kama mtu wa lishe kwa hiyo nivumilie. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliweka nyama za kusindikwa, yaani soseji, bekoni na ndugu zake, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa uhakika, wakakadiria gramu 50 kila siku zinapandisha hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Hiyo sio kwamba watu 18 kati ya 100 wataugua, ni kwamba hatari uliyokuwa nayo mwanzo, ambayo ni ndogo, inaongezeka kidogo. Nyama nyekundu ya kawaida wakaiweka kundi la chini yake, la yanayodhaniwa. Halafu kuna utafiti mkubwa wa Wasabato wa Marekani na Canada, watu zaidi ya 73,000, matokeo yalitoka 2013, vifo vya wasiokula nyama vilikuwa pungufu kwa asilimia 12, na uzuri wake ni kwamba waliolinganishwa wote ni Wasabato kwa hiyo huwezi kusema ni sigara na pombe tu. Ila msomaji akiishia hapo amejidanganya. Uingereza nao walifuatilia watu kwa miaka mingi na mwaka 2020 wakaonyesha vegani wanavunjika mifupa zaidi ya wanaokula nyama, kwa asilimia 43, na sehemu ya sababu ni uzito mdogo, kalsiamu ndogo na protini ndogo. Na chipsi na soda na skonzi kavu navyo ni chakula cha vegani jamani, mtu anaweza kuwa vegani na akala vibaya kuliko jirani yake wa kitimoto.

Wa mazingira wana hoja nzito lakini inataka kusomwa kwa makini ukiwa huku. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 2013 lilikadiria mifugo inachangia asilimia 14.5 ya gesi za kupasha dunia joto zinazotokana na binadamu. Utafiti mwingine wa 2018, wa mashamba kama 38,000 kwenye nchi 119, ukakuta nyama, maziwa, mayai na samaki wa kufuga vinachukua asilimia 83 ya ardhi ya kilimo ila vinatupa asilimia 18 tu ya kalori. Msitu wa Amazon unakatwa sana kwa ajili ya malisho ya ng'ombe, hilo halina ubishi. Lakini mimi nikisikia mtu wa Ulaya anamhesabia Mmasai wa Simanjiro au Mrendile wa Marsabit sawasawa na shamba la ng'ombe laki moja waliofungiwa kule Texas wanakula mahindi na soya, napata shida. Ile nyika mvua haitoshi mahindi, ng'ombe na mbuzi na ngamia ndo wanaogeuza majani yale kuwa chakula cha mtu. Binti akija na hoja ya mazingira ongea naye hapo hapo, atafurahi kuwa umelichukua kwa uzito badala ya kumcheka. Na mtu wa mazingira tu huwa halegei kwenye nyama ya ng'ombe ila kuku wa kienyeji anayejiokotea uani utamkuta anamla kisiri.

Wa wanyama ndo hawalegei, na naomba uelewe kwa nini, maana wazazi wengi wanakwama hapa wakisema yai si halijachinjwa. Kuku wa mayai wa kisasa ni mbegu ya kutaga. Vifaranga vinapototolewa nusu ni majogoo, hayatagi, na mwili hayajengi kama kuku wa nyama, kwa hiyo hayana faida kwa mwenye kiwanda. Duniani yanauliwa siku hiyo hiyo ya kuanguliwa, mabilioni kwa mwaka, mpaka Ujerumani ikapiga marufuku kuanzia 2022. Maziwa nayo, ng'ombe hatoi maziwa mpaka azae, na azae tena, na ndama dume akishazaliwa wewe uko Tanga mkoa wa maziwa unajua wanakoishia. Kwa mtu anayefikiri hivyo glasi ya maziwa na kilo ya nyama ni safari moja, hakuna iliyo safi. Sio lazima ukubaliane naye, ila ukishaelewa hutamwambia tena "onja kidogo tu mamako nifurahi".

Kwa ulichoniandikia, asali na makubadhi, huyu ni wa wanyama. Mtu wa afya haogopi kiatu. Mazingira na afya ni vya kuongezea hoja mezani mkianza kumbishia. Sasa faida ya kujua hili: hatakubali utoe vipande vya nyama kwenye mchuzi umpe ule mchuzi mtupu, hatakubali pilau ya supu ya ng'ombe, vidonge vyenye ganda la jelatini, ile inayotoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, atasitasita (kwenye dawa ya lazima hata msimamo wao wenyewe unaruhusu, ile kadiri inavyowezekana ndo kazi yake), na akifika miaka mitano bado yumo usishangae.

Sababu moja ya kuiangalia kwa jicho la pembeni, hasa kwa wasichana. Wako wachache wanaotumia uvegani kama kisingizio cha kutokula. Ukiona na maharage anayabakiza, anajipima uzito kila siku, anakwepa kukaa na nyie wakati wa kula, hedhi imekatika, hiyo sio huruma kwa ng'ombe, hiyo ni shida nyingine inataka daktari na sio ugomvi. Kwa maelezo yako anapiga sahani mbili za wali na maharage kwa hiyo sina wasiwasi, nimetaja tu.

Jikoni sasa. Maharage ya nazi, mbaazi za nazi, choroko, kunde, makande, mchicha wa nazi, kisamvu cha karanga, matembele, mlenda, bamia, wali wa nazi, muhogo, magimbi, ndizi mzuzu, viazi vitamu, bajia za kunde, kachori, vitumbua. Fikiria futari mliyoweka mezani Ramadhani nzima, toa sambusa na kababu na mchuzi wa samaki, vilivyobaki karibu vyote ni vyake. Tui linafanya kazi ambayo Wazungu wanahangaika kuinunua kwenye maboksi, na hayo maziwa ya lozi ya supermaketi na soseji za soya muache anunue kwa hela yake akipata kazi, hayana ulazima wowote.

Mitego iko kwenye vitu vidogo. Ng'onda au dagaa kwenye kisamvu, kamba wakavu kwenye mchicha, mtu wa pwani anatia bila kufikiri halafu anasema "hakuna nyama humo". Mahamri asili yake ni unga, tui, iliki, hamira na sukari, yanafaa kabisa, ila siku hizi watu wanatia maziwa ya unga na yai na siagi kwa hiyo ya kununua hayaeleweki, pika mwenyewe. Chapati tumia mafuta badala ya samli. Vidonge vya mchuzi soma nyuma ya paketi. Jeli na pipi za kutafuna nyingi zina jelatini, hapo mnakutana maana na wewe jelatini ya nguruwe unaikwepa, mtasoma lebo pamoja.

Protini isikutishe. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama gramu 15, na binti wa kilo 55 anahitaji kama 45 kwa siku, maharage mchana, karanga au bajia jioni, ugali na wali vinaongeza, amefika. Nafaka na kunde zinajazana mapungufu, lile la kula ugali kwa maharage bibi zetu hawakulikosea.

Sasa kile kitu nilichokuahidi: vitamini B12. Inatengenezwa na bakteria, sio mimea. Ng'ombe anaipata kwa bakteria walio tumboni mwake, sisi tunaipata tukila nyama, samaki, mayai au maziwa. Mchicha hauna, ufuta hauna, uyoga sio wa kutegemea, na mlonge, najua wauza mlonge watanijia juu lakini nao hauna. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 2.4 tu kwa siku, kidogo mno, na ini linahifadhi akiba ya miaka kadhaa, na hapo ndo ulipo mtego wenyewe: mwaka wa kwanza anajisikia vizuri, wa pili anawapigia debe wenzake, wa tatu au wa nne ganzi zinaanza miguuni, vidole vinachoma, anachoka, anasahau, ulimi unauma. Na kwa kuwa mboga za majani zina foleti (vitamini B9) nyingi, foleti inaweza kuficha upungufu wa damu kwenye kipimo huku mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika kimya kimya, na mishipa hiyo ukichelewa hairudi yote. Akija kubeba mimba na kunyonyesha bila B12 mtoto ndo anaumia zaidi, maana mtoto hana akiba.

Dawa yake ni rahisi mpaka inakera. Vidonge vya B12 duka la dawa, cha maikrogramu 50 kila siku au cha 2,000 mara moja kwa wiki, kimoja wapo, maisha yote atakayokuwa vegani. Asianze siku akiugua, aanze wiki hii. Bakteria ndo wanaoitengeneza kiwandani pia kwa hiyo hana sababu ya kukataa, aangalie tu ganda la kidonge. Na kama kuna mtu wa sukari hapo nyumbani anayetumia metfomini na yeye anafikiria kumfuata binti, huyo amwambie daktari kwanza kwa sababu dawa hiyo nayo inashusha B12.

Damu. Madini ya chuma yako kwenye maharage, dengu na majani, ila mwili unayafyonza kwa shida kuliko ya nyama, na msichana anayepata hedhi anahitaji mengi. Loweka maharage usiku kucha mwaga maji, kamulia ndimu kwenye mboga, chungwa la Muheza baada ya chakula, na chai, hapa watu wa Tanga mtanichukia, chai ya rangi isiwe juu ya chakula, ikae saa moja au mbili baadaye. Mbaazi na mahamri na chai ndo asubuhi yenyewe najua, basi chai itangulie mapema. Kalsiamu mchicha unayo lakini haiachii, sukuma wiki na chainizi ni bora, na ufuta. Chumvi iwe yenye madini joto.

Idd. Hilo la kama ni haramu kutokula alichohalalisha Mwenyezi Mungu muulize shehe wenu, mimi ni wa sufuria, ila mpelekee swali lilivyo: binti hasemi nyama ni haramu, anasema yeye hali. Hayo ni mambo mawili na ile aya ya 87 ya Suratul Maida ambayo jamaa watamsomea inazungumzia kuharamisha. Kwenye mambo ya jikoni pika sufuria yake kwanza kabla ya za nyama, mwiko wake mbali, pilau ya njegere na viazi yenye bizari zote na kitunguu kilichokaangwa kikawa cha hudhurungi, kachumbari, basi. Utaona wageni wanaichota na wao halafu yake inaisha, kwa hiyo pika nyingi. Nyama ya kuchinja sehemu kubwa si mnagawa? Asimamie kugawa mikate na matunda kama nyama hataki kuishika, mashangazi wakianza maneno wewe mamake ukinyamaza nao watanyamaza.

Kabla hajarudi chuo mpeleke apime wingi wa damu, na kama hospitali yenu inaweza kupima B12 na akiba ya chuma mfanye vyote kwa mara moja. Majibu yakitoka nitumie tuyaangalie.